Gurudumu, bembea, mnara au waya: mtambo upi uwekwe katikati ya mji?

Mtaa wa starehe wa katikati ya mji hauna geti, na hapo ndipo hesabu yote ya mitambo ya burudani inapobadilika. Bustani ya nje ya mji humlipisha mgeni mlangoni, kisha humwachia mitambo kumi apande atakavyo. Mtaani mgeni amekuja kula, kusikiliza bendi au kutembeza watoto, na mtambo wako unamwomba pesa akiwa ana shughuli nyingine. Wanaopita chini yake ni wengi kuliko wanaopanda. Kwa hiyo swali la "unakwenda juu kiasi gani" liulizwe mwisho. Anza chini: unakula mita ngapi za mraba, unapitisha watu wangapi kwa saa, unaweza kuangusha nini juu ya wapita njia, unapiga kelele kiasi gani saa nne usiku, na ukikwama, watu wanashushwaje.

Mifano ya kujifunzia ipo. ICON Park ya Orlando, Fremont Street ya Las Vegas, Prater ya Vienna, Cosmo World ya Yokohama na Tokyo Dome City zote huingiwa bure, mtu akalipia anachopanda. Zimefanikiwa kwa njia tofauti, na angalau mbili kati yake zimezika watu.

Jedwali hili ni la kuanzia mazungumzo na mchoraji wa ramani. Vipimo ni vya mitambo ya ukubwa wa kawaida katika kila aina. Mchoro wa mtengenezaji ndio wenye neno la mwisho.

| Mtambo | Eneo pamoja na uzio | Watu kwa saa, kwenye karatasi | Kelele | Kinachosumbua zaidi |
|---|---|---|---|---|
| Farasi wa kuzunguka, viti 36 | mita 15 × 15 | 430 | muziki tu | watoto kushuka kabla haujasimama |
| Magari ya kugongana, 20 | mita 15 × 25 | 240 | ya wastani | mvua, na magari yanayolala gereji |
| Gurudumu la kuhamishika, mita 50–60 | mita 25 × 25 | 1,000 | ndogo | umeme kukatika watu wakiwa juu |
| Bembea ya minyororo, viti 48 | mita 22 × 22 | 570 | ya wastani | upepo, na vitu vinavyoruka |
| Mnara wa bembea, viti 24 | kitako kidogo, anga kubwa | 240 | mayowe | upepo |
| Mnara wa kuanguka, viti 30 | mita 15 × 15 | 360 | mayowe makubwa | vizuizi vya mabegani |
| Waya wa kuteleza, nyaya 4 | ukanda ulionyooka, mita 200 na zaidi | 80 | mayowe | uzito wa mtu na upepo |
| Rola kosta ndogo, kigari cha watu 4 | mita 20 × 40 | 480 | kubwa, haikatiki | magurudumu, bolti, majirani |

Hesabu ya watu kwa saa ni rahisi: idadi ya viti mara 60, gawanya kwa dakika za mzunguko mzima. Mzunguko mzima maana yake ni pamoja na kupandisha, kufunga, kukagua na kushusha, wala si dakika za kuzunguka peke yake. Wauzaji hupenda kusahau hilo. Farasi wakizunguka dakika tatu na watu wakapandishwa kwa mbili, ni mizunguko 12 kwa saa, na viti 36 vinatoa 432. Ukiandika mpango wa biashara, chukua nusu ya namba hiyo kwa Ijumaa na Jumamosi usiku, na chini ya hapo siku nyingine. Kiti kitupu kitakuwepo: familia ya watu watatu haitaki mgeni kwenye kibanda chao cha watu sita.

Gurudumu

Kama kuna mtambo uliozaliwa kwa ajili ya katikati ya mji, ni huu. Unazunguka polepole, hautoi mayowe, bibi na mjukuu wanapanda pamoja, na usiku taa zake hufanya kazi ya bango ambalo mtu huliona akiwa mbali. Riesenrad ya Vienna, yenye mita 64.75, imekuwa pale Prater tangu 1897. Yokohama ina Cosmo Clock 21, mita 112.5, vibanda 60 vya watu wanane. Ni watu 480 kwa mzunguko wa dakika 15, yaani 1,920 kwa saa. Hakuna mtambo mwingine kwenye jedwali unaosogelea namba za namna hiyo, kwa sababu gurudumu kubwa halisimami kupakia. London Eye ina vyumba 32 vya watu 25, na ukingo wake unakwenda sentimita 26 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea bila haraka yoyote. Watu huingia ukiwa unasogea.

Kuna magurudumu ya kujengwa na ya kuhamishika, na hapa ndipo miji mingi hukosea chaguo. La kujengwa linadai msingi mzito: lile la London lilisimikwa juu ya nguzo 44 za zege zilizozama mita 33 ardhini. La kuhamishika halichimbi chochote. Roue de Paris, mita 60, vibanda 42, husimama kwa uzito wa maji: lita hadi 40,000 kwenye matangi ya kitako chake. Kikosi chenye ujuzi hulisimamisha kwa saa 72 na kulishusha kwa saa 60. SkyView ya Atlanta, iliyofunguliwa 2013 kando ya Centennial Olympic Park, ilikuwa imeshafanya kazi Paris na Pensacola kabla ya kufika pale. Kwa mtaa ambao haujawahi kuwa na mtambo wowote, anza na la kuhamishika kwa mkataba wa msimu mmoja au miwili. Likikosa wateja, linaondoka na deni linabaki dogo.

Hata hivyo, "halichimbi" si sawa na "linakaa popote". Uzito wote unashuka kupitia vibao vichache vya chuma. Chini ya lami ya mji kuna mitaro ya zamani, mabomba ya maji taka, na wakati mwingine maegesho ya chini ya ardhi ambayo ramani ya halmashauri haiyaonyeshi. Pima udongo kwenye kila kona ya kitako, si katikati tu. Kona moja ikizama sentimita mbili, mhimili unainama, beringi kubwa ya katikati inalemewa upande mmoja, na beringi hiyo ndiyo kipande cha bei kubwa kuliko vyote. Haibadilishwi bila kushusha gurudumu zima.

Vibanda vya kioo vilivyofungwa au vya wazi vyenye paa? Kwenye miji ya joto kioo bila kiyoyozi ni tanuri. Kiyoyozi kidogo cha kilowati 1.5 kwenye kila kibanda, mara 42, ni kilowati 63 kabla hujawasha taa wala mota. Umeme huo hupita kwenye pete za mgusano katikati ya gurudumu, ambazo nazo huchakaa na kutaka kusafishwa. Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ukipata la wazi, chukua la wazi. Upepo wa baharini ni bure.

Udhaifu wa gurudumu ni pale linaposimama. Usiku wa Desemba 31, 2022 gurudumu la ICON Park, lenye kimo cha mita 122, lilipoteza umeme na zaidi ya watu 60 wakabaki juu kwa saa kadhaa huku zimamoto wakipanda kuwafuata. Ngazi ya gari la zimamoto la kawaida hufika mita 30 na kidogo, nusu ya gurudumu la mita 60. Kwa hiyo njia ya kushusha watu inunuliwe pamoja na mtambo: jenereta inayowaka yenyewe, kisha mota ndogo ya dizeli au ya haidroliki isiyotegemea mfumo mkuu, kisha mkono wa kuzungushia, na mwisho kamba na watu waliofunzwa. Kila hatua ijaribiwe kwa vibanda vyenye mifuko ya mchanga, kwa sababu gurudumu lililopakiwa upande mmoja halifanyi kama gurudumu tupu. Mwendeshaji mzuri hupakia kibanda kisha mkabala wake. Anayejaza vibanda kumi mfululizo kwa kuwa foleni imempigia kelele anaifanya breki ishike uzito ambao haukupaswa kuwepo.

Kuhusu ukubwa: Ain Dubai, mita 250, lilifunguliwa Oktoba 2021, likafungwa Machi 2022, na halikurudi kupokea watu hadi mwisho wa 2024. Mtaa uliouza mandhari hiyo ulikaa zaidi ya miaka miwili na kinyago kilichosimama. Gurudumu la mita 55 likiharibika, fundi wa mkoani anaweza kulifikia na kreni ya kukodi.

Kuna njia ya kutatua uhaba wa ardhi: kuliweka juu ya jengo. HEP Five ya Osaka, katikati ya Umeda, imebeba gurudumu jekundu la kipenyo cha mita 75 tangu 1998. Vibanda 52 vya watu wanne, na kuingia hupitia ndani ya maduka, jambo linalowafurahisha wenye maduka. Lakini jengo lilichorwa na gurudumu tangu mwanzo. Usikubali mshauri anayesema paa la ghorofa lililopo "litatosha likiongezewa nondo".

Minara: eneo dogo, dhamana kubwa

Wamiliki wa viwanja huvutiwa na minara, ule unaoangusha viti kutoka juu na ule unaozungusha bembea zake juu angani, kwa sababu moja: kitako ni kidogo. Mita 15 kwa 15 na una kitu kinachoonekana mji mzima. Tivoli ya Copenhagen, iliyobanwa kati ya kituo kikuu cha treni na jumba la mji, iliweka mnara wa kuanguka mwaka 1999 na mnara wa bembea wa mita 80 mwaka 2006 bila kuhitaji kupanuka hata hatua moja. Tofauti ni kwamba Tivoli ina geti, na chini ya minara yake wanapita watu waliolipa na kusoma masharti.

Mnara wa kuanguka una breki nzuri ajabu. Mapezi ya shaba hupita kati ya sumaku za kudumu, na mwendo wenyewe ndio unaozaa nguvu ya kusimamisha. Umeme ukikatika breki bado inafanya kazi. Mtu akikuuzia mnara huu atakaa sana kwenye breki. Muulize kuhusu kizuizi cha mabegani.

ICON Park ilifungua mnara wa kuanguka wa zaidi ya mita 130 Desemba 2021. Machi 2022 mvulana wa miaka 14, mwenye mwili mkubwa, alichomoka kitini mtambo ulipokuwa ukipunguza mwendo, akafa. Uchunguzi ulionyesha kuwa kihisi cha kiti hicho kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, kikaruhusu kizuizi kibaki wazi kuliko viti vingine huku mfumo ukisema kimefungwa. Hakukuwa na mkanda wa pili. Mtambo haukutimiza miezi minne ya kazi. Mwaka uliofuata ulibomolewa, na jimbo la Florida likakaza sheria yake.

Yapo mambo manne ya kuandika kwenye mkataba kutokana na tukio hilo, na hayahusu minara peke yake. Kwanza, kila kiti chenye kizuizi cha mabegani kiwe na mkanda wa kukiunganisha na kiti, uliofungwa na mfanyakazi. Pili, mabano ya vihisi yafungwe kwa lakiri yenye namba. Lakiri ikikatika, mtambo haufunguliwi mpaka mhandisi aandike sababu. Tatu, kipimo cha uwazi: kipande cha mbao au plastiki kilichokatwa kwa nafasi ya juu inayoruhusiwa kati ya kiti na kizuizi. Kikipita, mtu hapandi. Ni kifaa cha bei ya soda na hakitegemei programu yoyote. Nne, kiti cha kupimia watu kiwekwe mwanzo wa foleni, mahali pa faragha kidogo, ili mwenye mwili mkubwa asiambiwe "shuka" mbele ya umati. Mfanyakazi kijana akiogopa kumwaibisha mteja, atamruhusu.

Mwenye kiwanja na mwenye mtambo mara nyingi ni watu wawili. Ajali ikitokea, mahakama huwaita wote. Mwenye kiwanja ajipe kwa maandishi haki ya kusimamisha mtambo bila kulipa fidia, nakala ya daftari la ukaguzi wa kila asubuhi, na jina lake kwenye bima ya mwendeshaji.

Mnara wa bembea una kasoro nyingine, ya fizikia ya shule ya sekondari. Mtu anayezunguka kwa mita 15 kwa sekunde akiwa mita 20 juu, kiatu kikimtoka, kitachukua sekunde mbili kufika chini na kitakuwa kimekwenda mita 30 upande. Uzio wa mita 22 kwa 22 uko mita 11 tu kutoka katikati. Bembea ndogo ya minyororo, viti vikiwa mita 6 juu kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, hutupa simu umbali wa mita 9 hivi, ikaishia kwenye uzio au karibu nao. Kwa hesabu hiyo peke yake, bembea ya chini inafaa mtaani na ile ndefu haifai isipokuwa pana paa, bwawa au bustani isiyokanyagwa chini yake. Orlando wanao mnara wa bembea wa mita 137 tangu 2018, viti 24. Kwenye mnara wa namna hiyo watu waache kila kitu cha mifukoni kabla ya kupanda.

Upepo ni kikomo cha bembea zote. Mitambo mingi ya kusafirishwa huchorwa kwa kikomo cha mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa, lakini bembea ndefu husimamishwa mapema zaidi kwa kufuata kitabu chake. Kipima upepo kiwe kileleni. Kilichofungwa kwenye kibanda cha tiketi kinapima kivuli cha maghorofa.

Waya wa kuteleza

Fremont Street ni mfano ambao kila mshauri huuonyesha. Waya wake, uitwao SlotZilla, ulifunguliwa 2014: jukwaa lenye kimo cha ghorofa 12, waya wa chini wa mita 259 ambao mtu hukaa, na wa juu wa mita 533 ambao hulala kifudifudi. Watu huruka juu ya umati, chini ya paa lenye skrini. Inapendeza mno, na si rahisi kuiga.

Fremont ilifungwa magari, imenyooka, na ina paa la mita 27, lililojengwa 1995. Mitaa yetu mingi ina nyaya za umeme, za simu na za intaneti zinazokatiza barabara, mabango, na miti ya mwarobaini. Mwinamo wa kawaida ni kama asilimia 5, kwa hiyo waya wa mita 200 unataka tofauti ya mita 10 kati ya mwanzo na mwisho, na ongeza kulegea kwa katikati: miguu ya mtu mzito inapopita hapo ibaki juu kabisa ya lori refu la zimamoto.

Kinachoharibika mara kwa mara si waya kukatika. Ni mtu mwepesi kukutana na upepo wa mbele akasimama mita 20 kabla ya kituo, na mtu mzito mwenye upepo wa nyuma akafika kwa kasi kuliko breki ilivyopangiwa. Ndiyo maana kuna uzito wa chini na wa juu, na ndiyo maana kila asubuhi hupitishwa mfuko wa mchanga wa uzito wa chini kabisa na mwingine wa juu kabisa kabla ya mtu wa kwanza. Breki ziwe mbili, ya pili isiyomhitaji mfanyakazi afanye lolote. Geti la kuruka lifungane na kituo: likatae kufunguka mpaka kule chini pawe patupu. Makubaliano ya redio peke yake, "tayari?" "tayari!", ndiyo chanzo cha kugongana.

Na uwezo wake ni mdogo. Watu wanne kila dakika tatu ni 80 kwa saa. Jumamosi yenye watu elfu tatu mtaani, waya ni tamasha la kutazama. Kama wenye baa wanachangia gharama kwa sababu unawaletea watu, sawa. Ukiutegemea ujilipe wenyewe kwa tiketi, bei itakuwa ya watalii.

Rola kosta

Kwa ufupi: usianze nayo. Tokyo Dome City inayo Thunder Dolphin tangu 2003, mita 80, kilomita 130 kwa saa, inapita katika tundu la jengo na katikati ya gurudumu lisilo na mhimili. Desemba 2010 bolti ilichomoka ikampiga mtoto wa kike chini. Ilifungwa hadi Agosti 2013. Januari 2011, kwenye rola kosta nyingine ya hapo hapo, ndogo, mwanamume alianguka akafa, kwa kuwa mfanyakazi hakukigusa kizuizi kwa mkono kuhakikisha kimefunga. Ndogo ndiyo iliyoua.

Kama mtaa umeng'ang'ania, weka wavu chini ya kila sehemu ya reli inayopita juu ya watu, piga alama ya rangi kwenye kila nati na bolti ili kulegea kuonekane kwa macho, chagua magurudumu laini ya poliurethani badala ya magumu ya nailoni, na uliza kama reli na nguzo zinaweza kujazwa mchanga mkavu. Mchanga hupunguza mngurumo sana. Mayowe hauyapunguzi.

Farasi na magari ya kugongana

Hakuna mwekezaji anayeota kuhusu farasi wa kuzunguka, na bado ndio ningeweka kwanza. Mita 15 kwa 15, umeme wa kilowati 10 hadi 15, wafanyakazi wawili, na familia inayokaa mtaani saa moja zaidi kwa sababu mtoto anataka mzunguko mwingine. Wanafaa hata Forodhani, Zanzibar, ambako watu hujaa kila jioni lakini Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na kitu kirefu kitaleta ugomvi usio na mwisho.

Kinachochakaa ni beringi za mikono ya juu inayowapandisha farasi na bushi ambamo nguzo zao huteleza. Sikiliza mlio wa "kw'i kw'i" unaojirudia mahali pale pale kila mzunguko: farasi huyo hapandwi mpaka apakwe grisi na kukaguliwa. Ajali nyingi ni za watoto wanaoruka sakafu ikiwa bado inasogea, kwa hiyo mfanyakazi wa pili akae upande wa pili wa mtambo, mahali ambapo mwendeshaji haoni, na awe na kitufe chake cha kuzima.

Magari ya kugongana huleta vijana, lakini panga kwamba kati ya magari 20 mawili au matatu yatakuwa gereji. Ya betri yanataka masaa ya kuchaji. Ya sakafu yenye umeme hayachoki, ila vumbi na maji huua mgusano, na kufagia ni kila baada ya saa chache. Bila paa na ukuta wa upande wa mvua, usinunue.

Foleni nayo ni jengo

Mtu kwenye foleni huchukua nusu mita ya mraba. Mtambo wa watu 240 kwa saa wenye subira ya dakika 20 una watu 80 wamesimama: mita 40 za mraba ambazo muuzaji hakuzichora. Foleni hiyo ikimwagikia barabarani, itaziba mlango wa mgahawa wa jirani, na mwenye mgahawa ndiye atakayekwenda halmashauri kulalamika, si mtu wa ghorofani anayesumbuliwa na kelele. Acha pia njia ya gari la wagonjwa ya mita 4 isiyogeuka kuwa foleni siku ya sikukuu.

Ukinunua kuukuu

Mitambo mingi inayofika Afrika Mashariki imeshatumika kwingine, na hakuna ubaya kwa hilo. Mitambo ya Marekani ina mota za hezi 60. Kenya na Tanzania tuna hezi 50. Mota ya volti 460 na hezi 60 ikiwekwa kwenye volti 400 na hezi 50 itafanya kazi, ila itazunguka polepole kwa moja ya sita, na feni yake ya kupoza pia. Kwa farasi ni sawa. Kwa pampu ya haidroliki inayofunga vizuizi, muda wa kufunga hubadilika, na programu ya usalama inaweza kukataa kuanza au, mbaya zaidi, fundi "akairuka". Mota ya volti 230 na hezi 60 iliyofungwa moja kwa moja kwenye volti 400 itaungua siku hiyo hiyo. Kifaa cha kubadili masafa ya umeme kiingie kwenye bei tangu mwanzo.

Chumvi ya pwani hula kutoka ndani. Mabomba ya chuma yaliyozibwa ncha yanaweza kuwa yamejaa maji, na rangi mpya kwa nje ikang'aa. Gonga kwa nyundo ndogo, tafuta tundu za kutolea maji sehemu ya chini ya kila bomba, na lipia upimaji wa maungio ya kuchomelea: rangi ya kupenya na unga wa sumaku kwa nyufa za juu, mawimbi ya sauti kwa pini na mihimili. Upakaji upya wa rangi ufanywe baada ya kupima. Muuzaji aliyepaka rangi wiki iliyotangulia ameficha hasa mahali ulipotaka kutazama.

Dai bamba la mtengenezaji lenye namba ya mtambo, kitabu cha uendeshaji kinachotaja namba hiyo hiyo, taarifa zote za marekebisho zilizotolewa na mtengenezaji, na uthibitisho kwamba ulichorwa kwa kufuata viwango vya usalama vya mitambo ya burudani: EN 13814 cha Ulaya au ASTM F2291 cha Marekani. Mwandikie mtengenezaji mwenyewe umuulize mtambo huo ulishapata ajali au la, wengi hujibu. Bamba likiwa limeng'olewa, au kitabu kikiwa nakala ya mtambo wa namba nyingine, usilipe hata amana.